Gauni la Asumini

Mshenga hasemi kilema cha bwana harusi. Jana mmesikia shangazi yenu akiisema mkacheka, mkadhani ni methali ya harusini. Siyo. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini kwetu, kabla polisi hawajawa karibu, mashauri yalipelekwa kwa wazee barazani. Mwanamke mwenye shauri hakusema mwenyewe. Alisemewa na Mzee Lichonyo, maana yeye ndiye aliyekuwa na ulimi.

Siku hiyo Mama Asumini alimtuma mwanawe kununua chumvi kwa Nampoto, mwenye duka. Mtoto mwenyewe hata ungo hajavunja. Akarudi bila chumvi, analia, hawezi kukaa chini. Mama akaelewa. Akamvua gauni lile lile, hakulifua, akalifunga kwenye kanga na kumpelekea Mzee Lichonyo.

Sasa sikilizeni. Lichonyo ndiye aliyekuwa mshenga Nampoto alipooa mke mdogo. Na kwetu mshenga haachi kazi siku ya ndoa. Nyumba ile ikipata aibu, aibu ni yake. Sikukuu anakula pale, mke akinuna anaitwa yeye. Mama Asumini alilijua hilo. Akasema moyoni, afadhali, anamjua Nampoto ndani nje, atamsema vizuri.

Siku ya baraza Lichonyo akasimama, akakohoa.

"Wazee wangu, huyu mtoto alianguka mtini. Mama yake ana uchungu, tumsamehe."

Mama Asumini akainuka.

"Alianguka mti gani, mzee? Gauni nililokupa liko wapi?"

"Hee! Mwanamke anasimama barazani!" mmoja akasema. "Bado kupiga ngoma tu." Wakacheka.

Lichonyo akatoa gauni. Limefuliwa, limepigwa pasi, linanukia sabuni.

"Mke wangu kakusaidia kulifua, mwanangu. Lile halikuwa la kuletwa mbele ya watu wazima."

Mama Asumini akalishika. Bibi Sikujua, mkunga aliyempokea Asumini alipozaliwa, ndiye aliyesema kwa sauti:

"Nawe mama, ulimpa mshenga! Lini mshenga akasema kilema cha bwana harusi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Lakini shauri lilikuwa limekwisha. Nampoto akaenda kufungua duka.

Wanangu, na nyinyi mna watoto, ndiyo maana silali. Likikufika, Mungu apishe mbali, usifue nguo, usimwogeshe mtoto, mpeleke hospitali na polisi. Na yule atakayekwambia "niachie mimi", muulize kwanza: unakula kwa nani? Akiwa mjomba wa aliyemuumiza mtoto, au rafiki yake, au bosi wao ni mmoja, mpite. Nenda mbele. Wakikuita mkorofi, itika.

Maana kijiji kile kilikuwa na duka moja tu, na chumvi haikuacha kuisha. Asumini alitumwa tena.

Mshenga hasemi kilema cha bwana harusi.