Msamaha Mmoja wa Bi Hadia

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana simu zilikuwapo, Mwanakombo alitolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Hakupasuliwa tumbo zima. Daktari alimtoboa matundu madogo, akamjaza hewa tumboni, akaingiza kamera, akafanya kazi huku akitazama skrini.

Siku ya kumruhusu, daktari hakusema na mgonjwa. Alimwita pembeni mumewe, Kitwana, kama ilivyo ada: mgonjwa asitiwe hofu.

"Bega litamuuma, ni ile hewa, itaisha. Lakini tumbo likivimba, homa ikipanda, macho yakiwa manjano, mrudishe saa ileile. Nje ni vitundu, ndani ni operesheni kamili."

Kitwana akabeba nusu ya maneno. Mkewe alipouliza, akamjibu, "Daktari anasema maumivu ni hewa tu, mke wangu."

Nyumbani, mama mkwe, Bi Mwanakheri, akafunua kanga, akacheka. "Ndivyo vidonda hivi? Siafu wameniuma kuliko hivi." Akachemsha maji, akamkanda tumbo kama anavyokandwa mzazi aliyetoka kujifungua, akambana kanga kiunoni.

Tumbo likavimba. "Hewa," akasema Mwanakombo. Homa ikapanda. "Hewa tu, mama." Macho yalipogeuka manjano ndipo walipomrudisha. Alifia mapokezi, akiwaomba radhi kwa usumbufu.

Msiniambie siku yake ilifika. Ilisukumwa.

Baada ya arobaini, daktari, Kitwana na Bi Mwanakheri walikwenda kwa mama wa marehemu, Bi Hadia, kuomba radhi. Akawaambia, "Nimeupekua moyo wangu. Nimekuta msamaha wa mtu mmoja. Semeni."

Daktari akasema, "Mama, mimi nilieleza yote. Sikuacha neno."

"Ulimweleza nani? Tumbo lilikuwa la nani?"

Daktari akasogea, akampisha Kitwana.

Kitwana akasema, "Mama, nilimficha kwa mapenzi. Baba yangu aliambiwa ugonjwa wake asubuhi, jioni akakataa chakula, hakula tena mpaka tukamzika. Nikaogopa na huyu."

"Uliogopa akijua atakufa, ukamnyima kujua cha kumponya."

Bi Mwanakheri akasema, "Mwenzangu, mimi sikuambiwa kitu, si na daktari, si na mwanangu. Mikono hii imekanda wazazi wa mtaa mzima, wote wazima. Mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyemfulia."

"Na ulimcheka."

"Nilimcheka."

Bi Hadia hakumtaja mtu. Wakamngoja. Hakuwafukuza, wala hakuwapa mkono.

Mwenye haki hasa ya kusamehe yuko kaburini, na alikwenda huko akiamini ni hewa. Sasa ninyi mnaonisikiliza, msinijibu kwamba wote wakosefu. Hilo hata mtoto analijua. Mmoja alisema kweli yote kwa asiyeumwa. Mmoja alificha kweli kwa kupenda. Mmoja hakuambiwa kweli, akadhuru kwa mikono ya kuuguza. Je, msamaha ule mmoja, nani alistahili kupewa?