Mlango Mwekundu wa Bwana Mchomvu

Bwana Mchomvu alimaliza ghorofa yake, akabakiwa na kitu kimoja tu: cheti cha zimamoto. Wapangaji walikuwa wanahamia kesho yake. Mkaguzi aliyetumwa, Bi Sikudhani, alikuwa mama mfupi, mpole, mwenye mkoba mkubwa.

"Mama, usinicheleweshe," Bwana Mchomvu alimwambia. "Mkubwa wako ni rafiki yangu. Leo hutoki hapa bila kusaini."

"Sitoki bila kusaini, baba."

Akamwonyesha mitungi ya kuzimia moto, akamlizia kengele. Mwisho wa ukumbi wa chini palikuwa na mlango wa dharura, mwekundu, unang'aa.

"Mlango mzuri," Bi Sikudhani akasema.

"Ila fundi kaondoka na ufunguo."

"Wala usihangaike. Mimi sitaufungua."

Bwana Mchomvu akachekelea, akamletea soda. Bi Sikudhani akasaini, akagonga muhuri, kisha akakitia cheti mkobani.

"Mbona hunipi?"

"Kwetu, baba, mwenye jengo hukabidhiwa cheti nje, akitokea mlango wa dharura. Nazunguka uchochoroni nikungoje."

"Na ufunguo?"

"Mwenye nyumba hashindwi na mlango wake."

Akazunguka na soda yake, akaketi juu ya ndoo. Mbele yake, pale mlango mwekundu ulipopaswa kutokea, ulisimama ukuta aliokwisha kuuona asubuhi alipopita: mtupu, hauna hata ufa wa mjusi kupenya.

Haukupita muda, nyundo zikaanza kulia ndani, na sauti ya Bwana Mchomvu ikizishinda:

"Vunjeni haraka, mama wa watu anangoja!"