Kwa Nini Gari Kuukuu la Mwingereza Halivai Namba ya Ujana

Haya, sogeeni, na simu wekeni chini. Mmeniuliza kwa nini huku Uingereza mtu huruhusiwa kununua namba ya gari aipendayo, hata inayofanana na jina lake, lakini akiifunga kwenye gari kuukuu kuliko namba yenyewe, maana namba za huku huonyesha mwaka, anakuwa mkosaji. Nimeishi nchi hii miaka arubaini na jambo hili bado linanivuruga kichwa. Nitawasimulia kama alivyonisimulia jirani yangu, na mkichanganyikiwa, basi tumechanganyikiwa sote.

Zamani magari yalikuwa na kauli, tena yalijiendea yenyewe. Kila gari lilizaliwa na namba yake, ukiisoma unajua umri wake. Katika mji mmoja wa milimani, watu waliyapangia magari kazi kwa umri huo. Makongwe yalitumwa sokoni tu, machanga ndiyo yaliyopanda mlima. Hakuna aliyefungua boneti kuhakikisha. Namba ikishasomwa, kupekua zaidi kulihesabiwa utovu wa adabu.

Sasa Bwana Albati alikuwa na gari kongwe, likikohoa mtaa mzima unasikia. Akaona haya. Akanunua namba changa, akalifungia.

Gari likashangaa. "Bwana, mimi ni mzee au ni mtoto?"

"Mtoto," akasema Albati.

"Na haya magoti?"

 Albati akaendelea kulipiga polishi.

Asubuhi moja theluji ikajaa mpaka madirishani. Doroti, binti yake Albati, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mkunga yuko ng'ambo ya mlima. Bi Winifrida, mkuu wa mji, akapita mbele ya magari akisoma namba. Akasimama kwenye la Albati. "Hili ndilo changa kuliko yote. Nenda ukamlete mkunga."

Gari likamtazama bwana wake. Bwana akatazama theluji. Neno moja lingetosha, jamani! Lakini majirani wote walikuwa pale, na aibu ikamfunga mdomo.

Gari likaenda, na katikati ya mlima likazimika. Kule chini watu wakangoja, hawaelewi. Gari changa linakwamaje? Mmoja akasema labda mkunga amekataa kuja. Mwingine akasema labda kuna mlima mwingine wasioujua. Kutuma la pili waliona ni upuuzi, maana yote yaliyobaki namba zake zilikuwa za kizee kuliko hilo. Adhuhuri ndipo walipomtuma mtu kwa miguu. Mkunga alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, hapumui.

Albati akakiri huku analia. Doroti akamtazama. "Baba, si ulikuwa umesimama pale pale?" 

Bi Winifrida akapiga marufuku gari kujipunguzia umri. Watu wakamuuliza, je, gari changa likivaa namba ya kizee, huo nao si uongo? Mama wa watu akakuna kichwa, akakaa, akasimama tena.

"Ni uongo," akasema. "Lakini anayejizeesha tutampa kiti akae. Anayejifanya kijana tutamtuma, na anakotumwa kuna mtu anamsubiri."

Wengine wakaelewa, wengine wakaenda zao wakibishana.

Na tangu siku hiyo, Mwingereza hujinunulia namba aitakayo, na akipenda hulizeesha gari lake apendavyo, lakini kulifanya changa kuliko lilivyo, hapana. Kwa nini pleti ya namba ya mbele iwe nyeupe na ya nyuma njano, hilo msiniulize, sikuambiwa. Sheria yenyewe niliwahi kusomewa na mwanangu, mstari kwa mstari, nikitega sikio. Ni kavu tupu. Imetaja magari, imetaja miaka, imetaja faini. Doroti haikumtaja.