Mahari ya Kisimba

Sogeeni, wajukuu, na wewe mwenye kamasi kaa mbali na mkeka wangu. Nawapeleka kale, kale ile ambayo hata babu yenu alikuwa hajajifunza kusema uongo.

Kale hiyo mto wetu ulikuwa huu huu. Unatoka kusini, unakata katikati ya dunia kwenda kaskazini, kisha unageuka unakata tena kurudi kusini, kama mlevi aliyesahau mlango wa kwake. Basi akaja Kisimba, kijana wa huko kusini kwenye mbuga za nyasi, akampenda Bolumbu, binti wa Asumbu. Bolumbu naye akampenda, sijui alimpendea nini.

Asumbu akasema mila ni mila. Mchumba asimamishe nguzo zake kwenye maporomoko, afunge mgono, lile kapu refu la kunasia samaki, na chochote kitakachoingia kwanza ndiyo mahari. Mzee Lokwa, aliyemtaka pia, akimaliza kuezeka nyumba yake mpya kabla ya hapo, Bolumbu ni wa Lokwa. Lokwa huyo alikuwa na meno mawili, yote upande mmoja.

Kisimba akacheka. Kwao mito hukauka, watu huvuka bila kulowa magoti. Akatandika mkeka juu ya jiwe, akasubiri kiangazi. Akasubiri. Lokwa anaezeka, yeye anasubiri. Mvua ikakatika kweli, msitu mzima ukanyamaza. Akasubiri. Na mto, wajukuu wangu? Mto ukajaa, ukachukua mkeka wake.

Kisimba akalia kwamba karogwa. Bolumbu akamshika sikio.

"Nani akuroge wewe? Huku kukikauka, kwenu kunanyesha. Hayo maji ni ya kwenu, yamekufuata."

"Sasa nifanye nini?"

"Ingia. Lokwa amebakiza upande mmoja wa paa, na mimi nakutaka wewe."

Akajifunga kamba ya mmea utambaao kiunoni, Bolumbu akashika ncha ya pili. Akazama, akaibuka, akanywa maji, akazama tena. Nguzo zikasimama. Mgono ukafungwa. Alipopanda jiwe kijiji kizima kikakodoa macho, maana mto ulikuwa umemvua nguo yake ya gome, amebaki na kamba tu. Mama mkwe akafunika uso, ila vidole aliviachanisha.

Asumbu akauvuta mgono mwenyewe. Hakukuwa na samaki hata mmoja. Kulikuwa na ile nguo, maji yameizungusha mpaka ikaingia.

Lokwa akacheka hadi meno yote yakaonekana.

Asumbu akaitazama nguo, akamtazama binti yake, viganja vya binti vinatoka damu kwa kuvuta kamba ya Kisimba.

"Nilisema chochote," akasema.

Akaikamua, akaitundika juu ya mlango wake, na kila mkwe aliyekuja baadaye aliingia akiinama chini yake.

Basi msikae juu ya jiwe mkingoja mto huu ukauke. Ingieni. Na nguo mfunge vizuri, maana Kisimba ndiye aliyewazaa nyote. Mimi mzigo nimeutua hapa. Anayesema nimedanganya, akaukaushe mto.