Mfuga Kuku na Intakomu ya Baba Yake

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mfuga kuku. Nyuma ya nyumba yake alimjengea baba yake chumba. Mzee huyo alikuwa mstaafu wa reli, miguu imechoka lakini ulimi bado mzima. Siku moja alianguka bafuni, akaita, akaita, mpaka sauti ikamkauka, na asisikike. Tangu hapo yule mama hakupata usingizi. Akanunua intakomu, vile visimu viwili vya kuongelea bila waya. Kimoja akakiweka kando ya kitanda cha mzee, kingine akakishika mkononi, akaanza kupima mtandao unafika wapi.

Jikoni: "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia! Hapa stesheni mambo shwari!"

Bandani: "Na hapa je?"

"Nakusikia wewe na jogoo wako. Mwambie aongee kwa zamu!"

Mama akacheka mpaka kuku wakashtuka. Akateremka migombani, na huko sauti ikaanza kukwaruza. Akasogea kushoto, akapanda kichuguu, mzee akimwelekeza kama anayeingiza garimoshi stesheni: "Rudi! Rudi kidogo! Hapo hapo, simama!" Asubuhi nzima ikaisha hivyo, mpaka ikawa hakuna kona ya boma lile ambako mzee hasikiki. Mama akamshukuru Mungu, moyo ukatulia, akarudi kwenye kazi zake.

Siku zikapita, intakomu kimya. Chakula cha mzee kinapelekwa, maji ya kuoga yanapelekwa, mama huyo mbio kwenye mayai, wateja wanangoja. Je, si ndivyo tunavyoishi?

Asubuhi moja, akiwa bandani, intakomu ikalia. Trei ya mayai ikamponyoka. Akabonyeza huku akikimbia.

"Baba! Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, mwanangu. Nauliza tu... leo hatujaribu mtandao?"

Mama akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akacheka, akalia, akacheka tena. Mayai akayaacha palepale yalipopasukia, akaenda chumbani kwa baba yake na manyoya ya kuku kichwani, akaketi kitandani. Chai ya asubuhi ile waliinywa saa sita mchana, na wateja waliofika walisikia vicheko tangu getini.

Sasa tujiulize sisi. Mtandao tunao, nani humu hana simu? Lakini wazee wetu hutusikia lini? Siku ya msiba. Siku ya hospitali. Tumewazoesha kwamba ili wapate sauti zetu, ni lazima kwanza waanguke. Na Mungu je? Si naye tunamwita tukiwa chini tu, tukisimama tunamsahau?

Leo mpigie mzazi wako. Akishtuka, akikuuliza kuna shida gani, mwambie: hakuna, nilitaka tu kukusikia.

Naona wengine simu zimeshatoka mifukoni. Haya, pigeni! Mahubiri yatangoja.