Paka Kaniki na Kuku Mmoja wa Bi Sikudhani

Hapo zamani, na wala si zamani sana, alikuwako Lushoto mjane aitwaye Bi Sikudhani, na paka wake mweusi, Kaniki. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia. Sasa Kaniki alikuwa mzee.

Mwanaidi, mke wa mwanawe, ndiye aliyeosha vyombo. Akaona Kaniki anakuja kunywa maji kwenye beseni, anaondoka, anarudi kunywa tena. Akamwambia mama mkwe. Bi Sikudhani akasema ni uzee tu. Siku zikapita, akamwambia tena. Akajibiwa vilevile, kwa sauti ya kumfunga mdomo. Mkwe akanyamaza.

Kisha akaja Shekiondo, kaka yake Bi Sikudhani, kutoka Korogwe. Hakuwa amefika tangu mavuno. Akampakata Kaniki kama kawaida yake, mara akainuka naye hadi mlangoni penye mwanga, akampapasa mgongo.

"Dada, mnamwona kila siku, ndiyo maana hammwoni. Huyu amebaki manyoya. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo."

Bi Sikudhani akasema ni uzee tu, lakini safari hii akampapasa paka mgongo yeye mwenyewe. Akaahidi kumpeleka siku ya gulio. Gulio likaja, akasema mvua. Gulio likaja, akasema mgongo unamuuma. Kweli yenyewe, aliogopa atakachosema daktari.

Jirani yao Mbaruku, muuza dagaa, alikuwa amegombana na Kaniki miaka mingi kwa ajili ya dagaa zake. Asubuhi moja Kaniki akapita kando ya mkeka wa dagaa, akanusa, akaenda zake. Mbaruku akaduwaa. Hakuuliza mtu. Akamtia paka kwenye tenga, akashika njia ya kwa daktari. Bi Sikudhani akamwona, akamfukuza akimwita mwizi, Mwanaidi nyuma yake, na mtaa mzima ukatoka kucheka.

Wakamkuta kwa daktari. Daktari akauliza paka anakunywa maji kiasi gani, na tangu lini. Mbaruku hakujua. Bi Sikudhani akamgeukia Mwanaidi. Mwanaidi akaeleza yote. Basi daktari akajua pa kutazama: figo zilianza kuchoka, na jino moja lilikuwa limeoza. Akaling'oa, akatoa dawa, akaeleza chakula cha kumpa. Akasema wangezidi kuchelewa, wangemzika.

Haukupita muda, Kaniki akaonekana juu ya paa la jikoni, anaota jua. Bi Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini. Akapika pilau, akaita watu, na Shekiondo naye kutoka Korogwe, akamtoa kuku wake wa madoadoa, yule asiyekosa kutaga, akasema ni wa aliyemwokoa Kaniki.

Mwanaidi akasema, "Mama, mimi niliona kabla ya wote, na bila niliyoyaona daktari asingejua."

Shekiondo akasema, "Mwanangu, uliona ukanyamaza. Mimi nilisema mpaka dada akaingiwa na wasiwasi."

Mbaruku akasema, "Mzee wangu, ulisema ukapanda gari ukaenda. Mimi nilimbeba, nikaitwa mwizi."

Watu wakacheka, pilau ikaliwa, kila mmoja akatetea wake. Bi Sikudhani akabaki amemkumbatia kuku, anawatazama watatu wale kwa furaha, hajui ampe nani.

Haya, nanyi mnaonisikiliza: kuku ni mmoja, na yu hai, hagawanyiki. Je, nani alistahili?