Pakacha la Kwenda Neema

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji wenye paka wengi kuliko vichwa vya samaki. Sogeeni karibu. Mwenye mtoto ampakate, mwenye paka amwite ndani, maana maneno ya leo yanamhusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na binadamu wakisikia nusu tu, kulikuwa na mji ukiitwa Kivumoni. Katika mji huo, nyumbani kwa mama mmoja muuza vitumbua, aliishi paka jike, jina lake Kidawa. Manyoya yake rangi ya jivu, mkia wake umekunjika nchani kama ndoana. Ukoo wao wote mikia ndiyo hiyo.

Kidawa alikuwa anazaa. Akazaa masika, akazaa kipupwe, akazaa tena vuli haijanyesha. Wenzake nao vivyo hivyo. Huyu anajifungua, yule anabeba. Na aliyezaa sana ndiye aliyekaa mbele kwenye shughuli, akapewa mkia wa papa autafune peke yake.

Sasa watoto wote hao walikwenda wapi? Hapo ndipo penye hadithi.

Watoto wakishaachishwa ziwa, mwenye nyumba huchukua pakacha la makuti. Hutandika kanga kuukuu, huwapanga ndani, huliziba mdomo kwa ukindu. Kisha hulitundika kwenye mkokoteni wa Punda aendaye sokoni, na maneno yake ni yale yale: sokoni samaki tele, hawatakosa kichwa cha changu. Paka wakayasikia hayo, wakayashika. Mahali pale wakapaita Neema. Basi pakacha likiondoka, nyii, nyii, nyii ndani yake, paka wa mtaa mzima hupanda vibarazani wakapiga vigelegele. Mama mtu hulia kidogo, akajilamba, akasahau. Ndiyo ilikuwa mila.

Siku moja Kidawa amejinyoosha juani, tumbo limeanza tena kuwa duara. Akaja shoga yake Shemsa, paka wa nyumba ya pili, mdomo wake mwepesi kama unyoya. Akaanza kumtania kwamba watoto wa watu wakineemeka hutuma japo salamu.

"Wako, shoga, wamekunyima hata mfupa," akasema Shemsa. "Au kule Neema wamepata mama mwingine?"

Likamchoma Kidawa. Akasema moyoni, nitakwenda mwenyewe, nitarudi na kichwa cha nguru nimtupie Shemsa miguuni. Akaenda kwa Punda, akaomba apandishwe.

Punda akalaza masikio. Akafukuza inzi kwa mkia, akafukuza tena. Mwisho akasema, "Mama Kidawa, una mzigo tumboni. Rudi nyumbani."

Kidawa hakusikia. Akaruka juu ya mkokoteni.

Kwatu, kwatu, kwatu. Kwatu, kwatu, kwatu. Wakafika sokoni. Na kweli, samaki walikuwako. Changu, tasi, nguru, wamepangwa wanang'aa. Kidawa akatabasamu mpaka masharubu yakasimama. Akashuka, akajisogeza mezani kwa adabu, aulize watoto wake wako wapi.

Pwaa! Ufagio wa mgongo.

Chwaa! Maji ya moto, yakamkosa kwa unyoya.

Mwuzaji akasonya, akamwambia mwenzake kwamba wameletwa wengine tena. Kidawa akakimbia, akapita chini ya meza, akatokea nyuma ya soko penye banda bovu la chumvi. Mlangoni amelala mbwa koko mkongwe, hana hata jino moja. Wenyewe wakimwita Bi Kibogoyo.

Kidawa akamwamkia shikamoo, akamwuliza njia ya kwenda Neema.

Bi Kibogoyo akamtazama usoni, akamtazama tumboni, akamtazama mkia.

"Umefika, mwanangu," akasema.

Kidawa akachungulia ndani. Paka juu ya paka. Macho yamegandana kwa tongo, mbavu unazihesabu, na wengine wamelala ile lala ambayo mtu haamshwi. Pembeni, rundo la mapakacha yaliyopasuka. Na kanga. Akaiona ya nyumbani kwao, ile yenye ua la korosho, iliyoungua mafuta ya vitumbua. Akaiona na ya kwa kina Shemsa.

Katikati ya wale akatoka mmoja mdogo, rangi ya jivu, mkia umekunjika nchani kama ndoana. Kidawa akamwita kwa sauti ile ya kunyonyeshea. Yule mtoto hakumjua. Alikuwa amekanyaga gamba la samaki. Akatunisha mgongo, akamfokea mama yake, khaa, asimnyang'anye.

Wajukuu zangu, mama anafokewa na mwanawe kwa ajili ya gamba.

Kidawa akamgeukia Bi Kibogoyo, akamwuliza kulikoni. Yule mbwa akamweleza. Alisema yeye hana meno, hawezi kuwawindia, ana ulimi tu wa kuwalamba na tumbo la kuwapa joto. Alisema anaowahi huwapasha, asiowahi kunguru huwawahi. Kisha akasema jambo jingine, kwamba msimamizi wa soko amechoka. Ijumaa ataleta ndoo ya nyama iliyotiwa sumu, banda lisafishwe.

"Nami nitakula nao," akasema. "Siwezi kuwaacha wale peke yao."

Punda alikuwa keshafika nyuma ya soko na mkokoteni wake. Kidawa akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua. Si mimi niliyewabeba?" Punda akainamisha kichwa. "Lakini kila nikitaka kusema, nyie mnapiga vigelegele."

Kidawa akamwuma mwanawe ukosi, akambeba, akavuta na kipande cha kanga ya kwa kina Shemsa. Alipofika mtaani akapanda kibarazani, akasimulia. Wakamcheka. Shemsa akacheka kuwashinda wote, akasema huyo kakosa kichwa cha nguru sasa analeta uzushi. Kidawa hakubishana. Akamtandazia ile kanga miguuni.

Shemsa akainusa. Akainusa tena. Ilikuwa inanuka maziwa yake mwenyewe. Akakaa pale pale alipokuwa amesimama, akaikumbatia, na kicheko cha mtaa kikakoma.

Basi usiku wa kuamkia Alhamisi paka wote wa Kivumoni wakaingia njiani. Punda akavuta mkokoteni bila kuchapwa. Wakawatia wale watoto ndani ya mapakacha yale yale, juu ya kanga zile zile, na kila pakacha wakaliweka kwenye mlango lililotoka.

Muuza vitumbua akafungua mlango atoe moto. Nyii, nyii, nyii. Kijiti cha kugeuzia vitumbua kikamdondoka.

"Mungu wangu," akasema. "Hii si kanga yangu ya korosho?"

Mlango huu ukafunguka, na ule, na ule. Watu wakatazamana, kila mmoja na pakacha lake miguuni. Mmoja alitaka kufunga mlango kimyakimya, majirani wakamtazama mpaka akaufungua. Ijumaa msimamizi akaja na ndoo yake, akakuta banda tupu na Punda amelala kizingitini anatafuna hewa. Bi Kibogoyo alikuwa keshahamia kwa muuza vitumbua, anaramba kitumbua kilicholowekwa chai.

Lakini yule mbwa ni mzee. Akawaambia wasifurahi upesi, wamefuta maji sakafuni na mtungi bado unavuja.

Ndipo wakamwendea Bi Nungu, nungunungu wa ukingoni mwa mji, ambaye miiba yake ni sindano. Alijua kufunga kizazi, na kwa sababu hiyo walikuwa wakimwita mchawi. Kidawa akatangulia. Bi Nungu akampapasa tumbo, akamwambia hao waliomo wazaliwe, wanyonye, watafutiwe kwao kabla hawajafumbua macho, kisha arudi.

"Na madume nao waje," akasema. "Naona wameshapanda paani."

Kidawa akazaa, akanyonyesha, akarudi kwa Bi Nungu. Alipopita mtaani na uzi wake tumboni, vibaraza vyote kimya. Hakuna aliyejua mila inasemaje. Kisha Shemsa, yule yule Shemsa, akapiga kigelegele, na mtaa mzima ukaitikia.

Lakini wale wengine wa Kidawa, wale ambao hawakuwahiwa, hawakurudi na pakacha lolote. Ndiyo maana mpaka leo paka akiona kapu tupu huingia ndani, akalinusa, akalizunguka, akalinusa tena. Watu hudhani anacheza. Anatafuta.

Basi shikeni hili, wadogo kwa wakubwa: usimwache azaliwe usiyeweza kumlea, na aliyekwisha kuzaliwa usimtupe ukajiambia umempeleka kwenye neema. Fuata pakacha lako ujionee linakoishia.

Hadithi yangu imeishia hapo, na pakacha langu nimelifumua, halibebi tena mtu.